Jino la Nyangumi Lilichorwa kwa Ajili ya Nani?

Mgeni anayetembezwa katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo hapiti milango miwili mitatu ya nakshi kabla hajaelezwa maana ya kila alama iliyochongwa: samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi au, kwa kiongozi mwingine, ni utumwa, mtende ni neema, na lile ua la mviringo ni jambo fulani lililotoka Bara Hindi. Maelezo haya yanapendeza na yanakaririka kwa urahisi, na huenda baadhi yake yana ukweli. Hata hivyo, kila niyasikiapo hujiuliza inawezekanaje alama moja iwe na maana ileile kwa tajiri wa Kihindi aliyelipia mlango, kwa fundi aliyeuchonga, na kwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyepita mbele yake akiwa na pembe ya ndovu begani.

Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye sanaa ambayo kwa mtazamo wa kwanza iko mbali sana na pwani yetu, yaani michoro ambayo mabaharia waliowinda nyangumi waliichora kwenye meno na mifupa ya mawindo yao. Sanaa hiyo huitwa skrimsho. Ilishamiri katika karne ya 19 ndani ya meli za Marekani na Uingereza, na mojawapo ya meno ya mwanzo kabisa yenye picha pamoja na tarehe ni la mwaka 1817. Maandishi yake yanaeleza kwamba nyangumi mwenye jino hilo alikamatwa karibu na visiwa vya Galapagos na mabaharia wa meli Adam, ya London, akatoa mapipa 100 ya mafuta. Wauzaji wa vitu vya kale nao wana orodha yao ya ishara: moyo ni mapenzi, nanga ni tumaini, tai ni taifa, njiwa ni amani. Ni maelezo ya milango ya Bagamoyo yaliyohamishiwa baharini. Maoni yangu, baada ya kuitazama michoro hii kwa muda mrefu, ni kwamba haisomeki kwa orodha ya namna hiyo. Inaanza kusomeka pale unapouliza picha ilinakiliwa kutoka wapi, na kitu chenyewe kilikusudiwa kumfikia nani.

Kwanza hali ya kazi yenyewe. Meli ya nyangumi iliyong'oa nanga Nantucket au New Bedford, katika jimbo la Massachusetts, ilibeba kwa kawaida watu 25 hadi 35, na safari yake iliweza kuchukua miaka mitatu au minne, kwa sababu nahodha hakupenda kurudi kabla mapipa hayajajaa. Mafuta hayo ndiyo yaliyowasha taa na kulainisha mitambo ya viwanda. New Bedford peke yake, katika mwaka 1857 uliokuwa kilele chake, ilikuwa na meli 329 za kazi hiyo. Lakini kumpata nyangumi lilikuwa jambo la nadra. Zilipita wiki nzima nzima ambamo mmoja alikaa juu ya mlingoti akiyatazama maji, na wenzake huko chini hawakuwa na shughuli ya kutosha, maana meli ya namna hii ilichukua watu wengi kuliko waliohitajika kuiendesha, ili wapatikane wa kuingia kwenye mashua siku ya windo.

Nyangumi waliyemtafuta zaidi ni yule wa spemaseti, yaani mafuta mazito kama nta yaliyomo kichwani mwake, mwenye kichwa kikubwa cha mraba, ambaye meno yake yanayoonekana yako kwenye taya la chini tu, kati ya 18 na 26 kila upande. Kwa mwenye meli meno hayo hayakuwa kitu mbele ya mafuta, kwa hiyo mabaharia waliweza kuyapata. Jino bichi lina matuta na mikwaruzo. Baharia alilikwangua kwa kisu, akalisugua kwa ngozi ya papa na kwa jiwe jepesi la volkano, la aina ile tunayosugulia nyayo, mpaka likang'aa. Kisha alichora kwa ncha ya kisu au kwa sindano ya kushonea tanga, akapaka masizi au wino juu ya mchoro mzima, akafuta, na rangi ikabaki ndani ya mistari peke yake. Vifaa vilikuwa hivyo tu, na kazi nyingi zilizobaki hazina jina la mchoraji.

Sasa jambo la kunakili, ambalo ndilo linalovuruga orodha za ishara kuliko mengine yote. Baharia wengi hawakujua kuchora mtu. Walichofanya ni kukata picha kutoka katika jarida au kitabu, kuibandika kwenye jino, kutoboa vitundu vidogo vidogo kwa sindano kupitia karatasi, kisha kuibandua karatasi na kuunganisha vitundu kwa mistari. Ukilitazama jino kwa kioo cha kukuzia mara nyingi utaviona vitundu hivyo bado. Ndiyo maana meno mengi yana mabibi wenye mavazi ya kifahari, viuno vyembamba na nywele zilizosukwa kwa ustadi ambao hakuna mke wa baharia aliyekuwa na nafasi ya kuusukia. Mabibi hao walitoka katika kurasa za mitindo, zikiwemo za jarida la Godey lililochapishwa Philadelphia. Anayesema kwamba huyu ni mchumba wa mchoraji anakosea, na anayesema kwamba ni ishara ya usafi wa mwanamke anakosea zaidi. Ni picha iliyokuwapo mikononi. Maana inaanza pale mtu alipochagua picha hii akaiacha ile, na pale alipoamua kumpelekea mtu fulani.

Mfano ninaoupenda ni wa mwanamke aliyesimama ameshika upanga mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika bendera yenye fuvu la kichwa. Anayetegemea orodha atakwambia kwamba fuvu ni mauti na upanga ni vita. Kumbe picha hiyo ni ya Fanny Campbell, nahodha wa kike wa maharamia katika hadithi ya Maturin Murray Ballou iliyochapishwa Boston mwaka 1844, hadithi ya msichana anayejigeuza mwanamume na kwenda baharini kumwokoa mpenzi wake aliyefungwa. Iliuzwa sana, na mabaharia walimnakili Fanny kwenye meno mengi. Tafakari sasa hali ya kijana aliye katika mwaka wake wa tatu baharini, ambaye hana uhakika kama aliyemwacha nyumbani anamngoja, akikaa jioni baada ya jioni kumchora mwanamke aliyeacha kungoja akaja mwenyewe kumfuata mwanamume. Hapo fuvu limekuwa na maana nyingine kabisa, na huwezi kuifikia kwa kulitazama fuvu.

Niliwahi kumuuliza fundi mmoja mzee wa milango hapa Bagamoyo, baada ya shikamoo na marahaba, kwa nini amechonga waridi juu ya mlango aliokuwa akiumalizia, na kama waridi lina maana. Alinitazama kwa huruma kidogo. "Mwanangu," akasema, "mwenye nyumba ameniletea picha kwenye simu. Angeleta ya embe ningechonga embe." Halafu akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mwenye nyumba huyo anaoza binti yake na kwamba mlango lazima uwe tayari kabla ya wageni kufika. Jibu la pili ndilo lililoujibu mlango.

Sisemi kwamba hakuna ishara zilizokuwa na maana iliyokubalika na wote. Zipo. Mwanamke aliyeegemea nanga ni Tumaini, na chimbuko lake ni Waraka kwa Waebrania, sura ya 6, unaposema kuhusu tumaini lililo kama nanga ya roho; kila baharia aliyelelewa kanisani aliijua aya hiyo. Mti unaoinamisha matawi juu ya kaburi au juu ya chombo cha mazishi ulikuwa alama ya msiba, na mtu wa New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, aliuona kwenye mawe ya makaburi ya kwao, hata kwenye mapambo ya sebuleni. Bikari na skwea ni alama za Wamasoni, yaani chama cha udugu cha Freemason, na zilichorwa na wanachama au kwa ajili ya wanachama. Hizi hazina utata, na kwa sababu hiyo hazinishughulishi sana.

Kinachonishughulisha ni bamba la koseti. Wanawake wa Marekani na Ulaya wa wakati huo walivaa koseti, vazi la ndani linalobana kiwiliwili, na mbele yake, kuanzia kifuani kushuka tumboni, kulikuwa na mfuko mwembamba wa kuingizia bamba gumu la kuunyoosha mwili. Baharia alilitengeneza bamba hilo kwa mfupa wa taya la nyangumi, au kwa yale mabamba mepesi yanayopindika yaliyomo mdomoni mwa nyangumi wasio na meno. Alilichora nyumba, meli, moyo, maua katika chungu, nyota, pengine na shairi, akampelekea mke au mchumba wake. Kitu hiki kilikaa kifuani pa mwanamke, ndani ya nguo, ambako hakuna mwingine aliyekiona. Michoro yake haikukusudiwa umma. Moyo uliochorwa hapo ni moyo kweli, lakini uzito wake hautokani na umbo la moyo, unatokana na mahali ulipowekwa na aliyeuweka. Msomaji wa pwani hana haja ya kufundishwa jambo hili, kwa sababu analijua kwenye kanga: maneno yale yale yakitoka kwa mume kwenda kwa mke ni mapenzi, yakivaliwa mbele ya jirani ni kijembe, na anayeyasoma bila kumjua mnunuzi wala mlengwa amesoma maneno matupu.

Kuna jambo dogo kwenye mabamba hayo linalonifurahisha binafsi. Yapo yaliyochorwa minazi, au miti ya jamii ya mnazi, pamoja na visiwa, na yapo yaliyoweka picha ya namna hiyo juu na nyumba ya kwao, yenye bomba la moshi, chini yake. Kwa mtu wa Bagamoyo mnazi ni nyumbani kabisa. Ni tui, ni makuti, ni ufagio wa njukuti nyuma ya mlango. Kwa kijana wa Nantucket, kisiwa chenye baridi na mchanga, mnazi ulikuwa alama ya mbali kuliko kote, alama ya bahari za joto alizofika bila mkewe. Alipouchora kwenye bamba la koseti alikuwa akimwambia mwanamke wake, nadhani, kwamba nilikuwa huku, na nilikuwa nakukumbuka wewe. Mnazi huohuo ukichongwa juu ya mlango wetu hauwezi kusema neno hilo hata kidogo.

Mabamba ya koseti yalikuwa na ndugu zao, ambao nitawataja kwa haraka: magurudumu madogo yenye meno ya kukatia na kupamba kingo za pai, vizungushio vya kukunjia nyuzi za kufuma, fimbo za kutembelea. Vile vya jikoni na vya nyuzi vilikusudiwa mikono ya wanawake. Fimbo zilikuwa za wanaume, na vichwa vyake vilichongwa mara nyingi ngumi iliyokunjwa, fundo la kamba au nyoka aliyejizungusha. Mtu anaweza kuandika kurasa nyingi juu ya nyoka wa fimbo. Mimi naona kwamba fimbo ndefu na nyembamba inamwita nyoka yenyewe.

Tofauti na hayo yote ni meno ya Frederick Myrick. Huyu alikuwa baharia wa Nantucket kwenye meli Susan, na katika miaka ya 1828 na 1829, akiwa bado safarini, alichora meno kadhaa yenye picha ya meli hiyo, akayatia saini na tarehe, jambo ambalo halikuwa kawaida. Yaliyobaki ni miongoni mwa meno yanayothaminiwa kuliko yote, na wapenzi wa sanaa hii huyaita Meno ya Susan. Kwenye mengi ameandika beti inayotakia kifo walio hai, maisha marefu wauaji, mafanikio wake za mabaharia, na bahati yenye mafuta wawindaji wa nyangumi. Ukiisoma peke yake ni tamko la kutisha. Ukikumbuka kwamba ilikuwa dua ya mezani, ya aina inayosemwa vikombe vikiwa juu, na kwamba kila mtu melini alilipwa kwa sehemu ya mafuta yatakayopatikana, hata asipate kitu kama mapipa hayakujaa, utaona ni hesabu ya mshahara iliyotiwa vina. Nyangumi ndiye "aliye hai" katika beti hiyo, na hakuna aliyejisumbua kulificha hilo.

Damu nayo haikufichwa. Wachoraji waliokuwa na rangi nyekundu waliitumia kwa bendera na kwa damu. Nyangumi aliyechomwa mkuki mapafuni alianza kupumua damu badala ya mvuke, na mabaharia walipoiona walipiga kelele kwamba bomba la moshi limeshika moto. Kwenye jino, mruko mwekundu juu ya kichwa cha nyangumi unamaanisha kwamba windo limekwisha na kilichobaki ni kungoja. Mwenzao aliyeutazama mchoro huo aliusoma mara moja, kama alivyosoma umbo la matanga na kujua kwamba meli imesimamishwa ili mashua zirudi. Hizi ni taarifa za kikazi. Tumezoea kuziita ishara kwa sababu sisi tuko nje ya kazi hiyo.

Ushahidi bora wa usomaji wa kikazi haumo kwenye meno bali kwenye madaftari ya safari. Maofisa wa meli walichonga mihuri midogo ya mbao au ya mfupa, wakaichovya kwenye wino na kupiga chapa pembezoni mwa ukurasa wa siku husika. Nyangumi mzima alimaanisha aliyeuawa, na mara nyingi mhuri uliachwa na nafasi nyeupe tumboni ili iandikwe idadi ya mapipa aliyotoa. Mkia peke yake, uliosimama juu, ulimaanisha nyangumi aliyeponyoka. Ukifungua daftari la safari mbaya unaona mikia ikifuatana ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna mahali pengine katika sanaa yote hii ambapo alama na maana vimefungwa pamoja kwa uthabiti kama hapa, na sababu yake ni kwamba daftari lilikuwa na msomaji mmoja anayejulikana, mwenye meli, ambaye alitaka kujua fedha zake zimekwenda wapi.

Edward Burdett, mtu mwingine wa Nantucket na mmoja wa Wamarekani wa mwanzo kabisa kutambuliwa kwa jina katika uchoraji huu, alikufa mwaka 1833 akiwa kazini baharini, alipokamatwa na kamba ya chusa na kuvutwa majini. Mashua zilizopinduliwa na kuvunjwa na mikia, ambazo zimo kwenye meno mengi, huelezwa siku hizi kwamba ni ishara ya udogo wa binadamu mbele ya maumbile. Inawezekana. Ila wenye kuyachora mambo hayo walikuwa wameyaona.

Nimeiacha nyuma kwa makusudi ishara inayoonekana kuliko zote, yaani taifa. Tai aliyekunjua mbawa, bendera, na mwanamke anayeitwa Uhuru aliyeshika fimbo yenye kofia juu yake, wamo kwenye meno na mabamba yasiyohesabika. Walinakiliwa kutoka kwenye sarafu, magazeti na vyeti, na kwa baharia aliyekuwa miezi mingi bila kuona bandari ya kwao walikuwa njia ya kusema ametoka wapi. Uzalendo huu wa meno ulidumu hata baada ya biashara yenyewe kufa: Rais John F. Kennedy alikuwa mkusanyaji wa meno haya, na mwaka 1963 alizikwa pamoja na moja lililochorwa nembo ya urais. Lakini Uhuru huyo wa meno alichorwa wakati mamilioni ya watu weusi walikuwa bado watumwa katika nchi hiyohiyo. Mwaka 1838 Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani, alifika New Bedford. Kazi aliyojifunza Baltimore ilikuwa kalafati, ileile inayofanywa leo kwenye ufuo wetu wakati jahazi linapozibwa pamba katika nyufa za mbao zake. Wazungu wenye kazi hiyo walikataa kufanya kazi pamoja naye, ikambidi abebe mizigo na kupasua kuni, katika mji uliokuwa ukizituma baharini meli ambazo mabaharia wake walichora Uhuru. Sijui mtu mweusi aliyekuwa ndani ya meli hizo, na walikuwemo wengi, alimsoma vipi mwanamke yule akilichukua jino la mwenzake mkononi. Najua kwamba hakumsoma kama orodha inavyotaka asomwe.

Na hapa pwani yetu inaingia ndani ya jambo lenyewe. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem, alianza kazi Unguja. Salem iko Massachusetts, jimbo moja na Nantucket na New Bedford. Nguo za merikani zilizofumwa katika viwanda vya huko ndizo zilizokuwa zikifungwa robota Bagamoyo kwa ajili ya misafara ya bara, na pembe zilizoshuka na misafara hiyo zilikwenda, pamoja na kwingineko, katika miji ya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, zikakatwa vitana na vibonye vya piano. Meli za nyangumi nazo zilifika katika bahari yetu. Kijana mmoja, John Ross Browne, aliyekuwa ameajiriwa kwenye mojawapo, aliiacha meli yake ilipofika Unguja, akakaa huko kwa muda, na mwaka 1846 akachapisha habari za safari yake, zikiwemo shida za mabaharia ambazo wenye meli hawakufurahia kuzisoma.

Kwa hiyo katika nyumba moja ya New England ungeweza kukuta piano yenye vibonye vya pembe iliyobebwa begani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, na juu ya piano hiyo jino la nyangumi lenye mchoro. Jino limesimuliwa katika makumbusho, limeandikiwa vitabu, limetafutiwa maana ya kila mstari. Pembe, ambayo haikuchorwa kitu, haikuulizwa inamaanisha nini. Naliona hilo kuwa pengo kubwa kuliko makosa yote ya orodha za ishara, kwa sababu limetufanya tuamini kwamba kitu kinasema pale tu kinapochorwa.

Watu wa Fiji wanajua zaidi. Kwao jino la nyangumi wa spemaseti, likiwa limesuguliwa na kupakwa mafuta mpaka likageuka rangi ya asali, na kufungwa kamba ncha zote mbili, huitwa tabua. Hutolewa wakati wa posa, wakati wa msiba, wakati wa kuomba radhi au kuomba jambo zito, na desturi hiyo ipo hadi leo. Halina haja ya kuchorwa. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kizungu walilitambua hilo haraka, wakawa wanapeleka meno Fiji kubadilishana kwa msandali na baadaye majongoo ya bahari. Inatokea, basi, kwamba nyangumi mmoja aliyeuawa Pasifiki aliweza kutoa meno mawili, moja likaenda Nantucket likiwa na bibi wa jarida la mitindo, la pili likaenda kumaliza ugomvi baina ya koo mbili za Fiji. Ukiniuliza ni lipi lenye ishara nzito zaidi, sitachukua muda kujibu.

Neno la tahadhari kwa wanaopenda kununua vitu vya kale. Soko limejaa meno ya bandia ya plastiki, yaliyomiminwa kwenye kalibu na kuchapwa michoro yenye tarehe za kale na majina ya meli maarufu. Sindano iliyopashwa moto huyeyusha plastiki, ila muuzaji hatakuruhusu ujaribu. Mimi natumia kipimo kingine, ambacho kinatokana na hoja yangu yote: jino la bandia kwa kawaida linasema mno. Lina jina la meli, jina la nahodha, mwaka, bandari, tai, nanga na nyangumi, vyote upande mmoja, kana kwamba aliyelichora alijua atakuja mnunuzi wa karne nyingine. Baharia hakuwa na mnunuzi huyo akilini. Na hata likiwa la kweli, liache: nyangumi wa spemaseti analindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na kuvuka mpaka na jino lake bila vibali ni kosa. Bahari ya Hindi yenyewe ilitangazwa hifadhi ya nyangumi mwaka 1979 na tume ya kimataifa inayosimamia uwindaji huo, na nyangumi wenye nundu wanaopita mbele ya pwani yetu kati ya Julai na Novemba kuja kuzaa hawana tena wa kuwahesabia mapipa.

Anayetaka kuyaona meno halisi anaweza kutazama picha za mkusanyiko wa makumbusho ya nyangumi ya New Bedford kwenye tovuti yao. Namshauri asianze na meno makubwa ya vita na meli, ambayo ndiyo yanayowekwa mbele. Aanze na mabamba ya koseti, kisha mihuri ya madaftari, na akiona kipande chenye mchoro mbaya, mistari iliyopinda na herufi zisizolingana, akitazame kwa muda mrefu zaidi kuliko vingine.